Wasomaji Wanauliza: Namna ya Kuionja na Kuitathmini Peli Eli ya Kiwanda Kidogo

SWALI: Ndugu Mhariri, jamaa yangu ameanzisha kiwanda kidogo cha bia na ameniletea chupa chache za peli eli yake ya kwanza, yaani bia ya rangi nyepesi. Aliniomba nimpe tathmini ya kweli, wala si ya kumfurahisha. Niliionja, nikamwambia kwamba ni nzuri lakini ni chungu. Niliona wazi kwamba hakuridhika, nami sikuwa na la kuongeza. Je, mtu asiye mtaalamu anaweza kuionja bia kama hiyo na kusema jambo lenye manufaa? Aanzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anaweza kabisa, na pua na ulimi ulivyo navyo vinatosha. Ulichomwambia jamaa yako hakikuwa uongo, ila hakina la kumsaidia, kwa sababu peli eli inatarajiwa kuwa chungu. Anachohitaji kujua mtengenezaji ni uchungu huo ulianza lini mdomoni, ulidumu kwa muda gani baada ya kumeza, ulikuwa safi au wa kukwaruza, na kama kimea, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kilikuwa na nguvu ya kutosha kuubeba. Eleza kwanza ulichokutana nacho, ndipo utoe hukumu, kwa maana mtu aliyekwisha kuamua kwamba bia ni nzuri au ni mbaya huacha kuisikiliza.

Kabla ya kufungua chupa, muulize jamaa yako alikusudia kutengeneza peli eli ya namna gani, kwa sababu jina hilo lina matawi zaidi ya moja. Bia hii ilizaliwa Uingereza katika karne ya 17, wakati wakaushaji wa kimea walipoanza kutumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa ili kuondoa moshi na uchafu, wakapata kimea cha rangi nyepesi kisichonuka moshi wa kuni. Baadaye mji wa Burton upon Trent ulijipatia sifa kubwa kwa bia hiyo, na sababu mojawapo ilikuwa maji ya visima vyake, ambayo yana jasi nyingi. Salfeti iliyomo katika jasi huufanya uchungu wa hopsi, yaani maua ya mmea yanayoipa bia uchungu na harufu, usikike mkavu na wazi. Peli eli ya Kiingereza mpaka leo husimama juu ya kimea chenye ladha ya biskuti na mkate uliobanikwa, hopsi zenye harufu ya maua, majani na udongo, pamoja na dalili za matunda zinazotoka kwenye hamira.

Tawi la Marekani lina historia fupi zaidi. Mwaka 1972 ilitolewa kwa wakulima aina ya hopsi iitwayo Cascade, yenye harufu ya balungi na maua, na mwaka 1980 kiwanda kidogo cha mji wa Chico, California, kikaanza kutengeneza Sierra Nevada Pale Ale, ambayo iliiweka hopsi hiyo mbele ya kila kitu na kuwa kigezo ambacho viwanda vingi vidogo vimekifuata tangu hapo. Mwongozo wa mwaka 2021 wa BJCP, chama kinachowafunza na kuwapima waamuzi wa bia, unaipa peli eli ya Kimarekani kilevi cha asilimia 4.5 hadi 6.2, rangi ya dhahabu hadi shaba hafifu, na uchungu wa vizio 30 hadi 50 vya IBU, ambapo kizio kimoja kinakaribia miligramu moja ya asidi chungu za hopsi katika lita moja ya bia. Ukiichukua eli iliyotengenezwa kwa njia ya Kiingereza na kuipima kwa matarajio ya Kimarekani utaiona imepooza, ilhali imetimiza kila ilichoahidi, na hapo utakuwa umemdhulumu mtengenezaji.

Sasa tuje kwenye kuonja. Chagua saa ambayo hujavuta sigara, hujanywa kahawa wala kula chakula chenye viungo vikali, na usijipake manukato. Tumia glasi safi iliyosuuzwa vizuri, kwa sababu mabaki ya sabuni na mafuta huua povu. Ukiona viputo vimeng'ang'ania kwenye kuta za glasi badala ya kupanda juu, glasi hiyo ni chafu hata kama inang'aa. Bia isiwe ya baridi kali. Ikitoka moja kwa moja kwenye jokofu, harufu yake hulala na ulimi hufa ganzi, hivyo iache ipande hadi nyuzi 8 au 10 za Selsiasi, kisha endelea kuionja inapozidi kupata joto, kwani kasoro nyingi hujificha kwenye baridi na hujitokeza inapofika nyuzi 15. Mimina kwa nguvu ya kutosha kulifanya povu lisimame, na usiijaze glasi, ili harufu ipate mahali pa kukusanyika juu ya bia.

Inuse mara tu baada ya kumimina, hata kabla ya kuitazama. Waonjaji wengi wapya huanza na macho kwa sababu rangi ni rahisi kuielezea, lakini harufu nyepesi kuliko zote hupaa katika dakika ya kwanza na hazirudi. Vuta pumzi fupi fupi mara mbili au tatu, uandike ulichokisikia, kisha upumzishe pua. Pua huzoea haraka, na harufu uliyoing'ang'ania kwa muda mrefu hutoweka kwako ingawa bado imo ndani ya glasi. Kuirudisha pua katika hali yake, nusa mkono wa nguo yako mwenyewe. Halafu funika glasi kwa kiganja, izungushe taratibu, ufunue na unuse tena.

Katika harufu hiyo tafuta mambo matatu yaliyotoka sehemu tatu tofauti. Hopsi huleta balungi, limau, embe, maua, nyasi zilizokatwa au utomvu wa msonobari. Kimea huleta mkate, biskuti, asali au karameli. Hamira ya eli, ambayo hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 18 hadi 22, inaweza kuleta tufaha, peasi au maua hafifu. Usiandike tu kwamba inanukia matunda. Jitahidi kuamua ni tunda gani, na kama ni bichi, bivu au lililokauka, kwa sababu ganda la balungi humwambia mtengenezaji jambo moja kuhusu hopsi zake, na ndizi iliyoiva humwambia jambo jingine kabisa kuhusu joto la pipa lake la kuchachushia. Ukikosa jina la harufu, eleza inakokukumbusha. Maelezo ya namna hiyo yana thamani kuliko neno la kitaalamu lililotumiwa kwa kubahatisha.

Baada ya pua, macho hayahitaji muda mrefu: rangi, uangavu, povu na ukubwa wa viputo. Povu la peli eli nzuri ni jeupe, lina viputo vidogo, linashuka polepole na kuacha utando kwenye glasi, na linatokana na protini za kimea zikishirikiana na asidi chungu za hopsi.

Kisha chukua funda la wastani, lizungushe mdomoni lifike kila mahali, umeze, ufunge mdomo na utoe pumzi kwa puani. Pumzi hiyo ndiyo inayoipeleka harufu kutoka kooni hadi puani, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha inatoka hapo. Fuatilia funda hilo kwa mpangilio wa wakati. Mwanzoni utausikia utamu wa kimea. Katikati ladha ya hopsi itaingia. Mwishoni uchungu utabaki peke yake. Katika peli eli iliyosimama vizuri, utamu huondoka kabla hujauchoka na uchungu huja ukisafisha mdomo, ukidumu kidogo na kuisha bila kukwama. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa bia hii, na ndipo penye tofauti kati ya kiwanda chenye mkono mzuri na kile kinachomwaga hopsi nyingi ili kifunike udhaifu wa kimea.

Kuwa mwangalifu usichanganye uchungu na ukakasi. Uchungu ni ladha, ilhali ukakasi ni hisia ya mdomo kukauka na kukunjamana, kama anayetafuna ndizi mbichi. Kilichokukera katika bia ya jamaa yako huenda hakikuwa uchungu hata kidogo. Ukakasi hutokea pale makapi ya shayiri yanaposuuzwa kupita kiasi, au kwa maji yaliyopita nyuzi 77 au yenye tindikali kidogo mno, yakatoa tanini, yaani kemikali za maganda zinazokausha mdomo. Hutokea pia hopsi mbichi zinapolowekwa kwa muda mrefu ndani ya bia iliyokwisha kuchachuka. Ukimwambia kwamba ni chungu, atapunguza hopsi za kuchemsha na kasoro itabaki pale pale. Ukimwambia kwamba mdomo ulikauka pande zote na ufizi ukakwaruza, atajua pa kuanzia.

Mwisho, pima uzito wa bia mdomoni na gesi yake. Isiwe nzito kama sharubati wala nyepesi kama maji, na kilevi kisiunguze koo. Kikiunguza katika bia ya asilimia 5, uchachushaji ulifanyika katika joto kubwa mno. Onja funda la pili na la tatu kabla ya kuandika neno la mwisho, kwa sababu uchungu hujilimbikiza, na bia iliyokuwa ya kupendeza kwenye funda la kwanza inaweza kuchosha ifikapo nusu ya glasi.

SWALI: Peli eli niliyoinunua kutoka kiwanda kidogo ilikuwa na ukungu, si angavu kama bia nilizozoea. Nilihofia kwamba imeharibika, nikaimwaga. Je, nilikosea?

JIBU: Ndugu msomaji, ukungu peke yake hautoshi kuihukumu bia. Bia nyingi za viwanda vidogo hazichujwi, na hopsi nyingi zilizolowekwa baridi huacha polifenoli, yaani kemikali za mimea zinazoshikamana na protini na kuifanya bia isiwe angavu. Upo ukungu ambao huonekana tu bia ikiwa ya baridi sana na kutoweka kadiri inavyopata joto. Huo hauna madhara, ni suala la sura tu. Katika chupa ambazo bia imepata gesi yake kwa kuchachuka humo humo ndani, utakuta pia tabaka la hamira chini, na ukimimina taratibu na kuacha kiasi kidogo kwenye chupa utapata bia iliyo safi zaidi.

Cha kutiliwa shaka ni ukungu unaofuatana na mambo mengine: bia inayofoka chupa inapofunguliwa, uchachu usiotarajiwa, harufu ya siki, au bia inayovutika kama ute. Hapo bakteria wamo, na hapo una haki ya kuimwaga. Nusa na uonje kidogo kwanza. Bakteria wanaoharibu bia huharibu ladha, lakini vijidudu vinavyosababisha maradhi havistawi katika kinywaji chenye kilevi, tindikali na hopsi.

SWALI: Nilikunywa peli eli moja ikanivutia sana kwa harufu yake ya machungwa. Baadaye nilinunua tena bia hiyo hiyo mahali pengine, ikawa na ladha ya karatasi na utamu wa ajabu. Mwenzangu alikunywa ya toleo jingine akasema inanuka siagi. Je, kiwanda hiki hakijui kazi yake?

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza swali ambalo ningependa kila mwonjaji ajiulize kabla ya kulaumu, kwani kasoro hizo mbili zina asili tofauti na huenda zina wahusika tofauti.

Ladha ya karatasi, au ya boksi lililolowa, ni ya bia iliyozeeka. Oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza chupa hufanya kazi polepole, na joto huiharakisha sana. Chupa iliyokaa wiki kadhaa kwenye rafu yenye joto inaweza kuwa kuukuu kuliko ile iliyokaa miezi kadhaa kwenye baridi. Katika peli eli dalili ya kwanza huwa ni harufu ya hopsi kufifia, hata kabla ya karatasi kusikika. Machungwa yanaondoka, utamu unaofanana na asali au karameli unajitokeza, na uchungu uliokuwa safi unakuwa wa kukwaruza. Ndiyo maana ni lazima utazame tarehe ya kutengenezwa kabla ya kutoa tathmini, na bia ya namna hii inafaa inywewe ndani ya miezi mitatu hivi na itunzwe kwenye jokofu. Huenda kiwanda kiliacha oksijeni nyingi ndani ya chupa, au muuzaji aliiweka vibaya, na kwa chupa moja huwezi kutofautisha. Tafuta chupa mbichi ya toleo lile lile kabla ya kusema lolote.

Kuna ndugu wa kasoro hiyo ambaye ni wa muuzaji karibu wakati wote, nayo ni harufu kama ya kicheche. Hiyo husababishwa na mwanga wa jua au wa taa zinapopiga asidi za hopsi na kuzaa kemikali yenye salfa ambayo pua huisikia hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni. Chupa ya kahawia huizuia bia na mwanga huo kwa kiasi kikubwa, ya kijani au isiyo na rangi haifui dafu, na kopo huzuia mwanga wote.

Siagi ni habari nyingine. Harufu hiyo hutoka kwenye diasetili, ambayo hutokana na kazi ya kawaida ya hamira, na hamira yenyewe huifyonza tena ikiachwa na bia kwa siku chache zaidi katika joto linalofaa mwishoni mwa uchachushaji. Kiwanda kinachoharakisha kuipoza bia ili kipate nafasi ya toleo linalofuata huiacha diasetili humo. Katika bia za hopsi nyingi upo mtego mwingine, ambao Horace Brown na G. Harris Morris walikwisha kuueleza mwaka 1893: hopsi mbichi zina vimeng'enya vinavyovunja wanga mfupi uliobaki katika bia kuwa sukari ambayo hamira inaweza kuila, hivyo uchachushaji huamka upya baada ya mtengenezaji kudhani umekwisha, na diasetili hurudi pamoja na gesi na kilevi cha ziada. Kama mwenzako aliinywa kutoka kwenye bomba, uchafu wa mpira wa kupitishia bia nao unaweza kuleta siagi kwa njia ya bakteria. Nisingesema kwamba kiwanda hakijui kazi yake. Ningekiandikia, nikitaja namba ya toleo, tarehe, na mahali bia ilipotunzwa. Kiwanda kidogo mara nyingi hakina maabara kubwa, na barua ya mnywaji aliyeeleza kwa makini ndiyo inayokifikisha kwenye chanzo.

Kama unataka kuwa na hakika kwamba matoleo mawili yanatofautiana kweli, mwombe mtu akumiminie glasi tatu bila wewe kuona, mbili za toleo moja na ya tatu ya toleo jingine, nawe utafute iliyo tofauti. Rudia mara kadhaa, kwa sababu anayebahatisha hupatia mara moja katika kila tatu.

SWALI: Je, ni lazima kutoa alama? Nimeona waonjaji wanaotoa nyota, na wengine wanaotoa asilimia.

JIBU: Si lazima, na kwa mtengenezaji alama bila maelezo haina kazi. Hata hivyo mgawanyo wa alama unaweza kukufundisha kipi kina uzito. Karatasi ya waamuzi wa BJCP ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na picha ya jumla 10. Tazama jinsi mwonekano ulivyopewa kidogo, kisha ukumbuke ni bia ngapi huhukumiwa kwa ukungu wake. Zile 10 za jumla ndizo ninazozithamini zaidi, kwa kuwa zinakupa nafasi ya kusema kama ungependa glasi nyingine na kwa nini. Upendeleo wako uweke hapo, uutenge na sehemu zilizotangulia. Mtu asiyependa hopsi bado anaweza kuandika kwa haki kwamba harufu ya balungi ilikuwa wazi, safi na ya kudumu, kisha akakiri kwenye mstari wa mwisho kwamba si bia ya chaguo lake.

SWALI: Waonjaji wa mvinyo hutema. Je, na sisi wa bia tuteme?

JIBU: Kwa kawaida bia humezwa. Sababu inayotajwa mara nyingi, kwamba uchungu husikika nyuma ya ulimi tu, si ya kweli, kwa kuwa uchungu husikika ulimi mzima. Sababu ya haki ni kwamba sehemu muhimu ya peli eli ni kile kinachobaki baada ya kumeza, na anayetema hukikosa kwa kiasi. Kwa hiyo punguza kipimo: mililita 50 hadi 100 za kila bia zinatosha kwa tathmini kamili, na zisizidi bia tano au sita kwa mara moja, ukianza na iliyo nyepesi na isiyo chungu. Kati ya bia na bia kunywa maji na utafune mkate mkavu au biskuti isiyo na chumvi. Ukiona umeanza kuzisifu zote, acha kuandika, na zilizobaki uzionje siku nyingine. Asiyepaswa kunywa kilevi kwa sababu ya dawa, ujauzito, umri au usukani anaweza kunusa na kuandika kuhusu harufu, na maelezo yake ya pua yapokelewe kama ya mwonjaji mwingine yeyote.